Taa kwanza au meza kwanza? Ulinganisho kwa wanaotaka kufungua bustani ya michezo Mtwara na Lindi

Sikukuu ya Idd ikipita, kuna watu Mtwara huanza kupiga hesabu. Wameona watoto walivyojazana kwenye bembea na wazazi walivyotoa noti bila kunung'unika, wanajiuliza kwa nini jambo hilo litokee mara mbili tu kwa mwaka. Mmoja ana kiwanja Shangani. Wengine ni ndugu ambao korosho zimewaendea vizuri na wana eneo kando ya barabara ya Mikindani. Zinanunuliwa bembea, treni ya watoto, puto la kurukia, pengine linachimbwa na bwawa dogo. Kisha fedha inayobaki inatosha jambo moja kubwa tu: ama mgahawa kamili wenye jiko, meza na wahudumu wa kukufuata ulipokaa, ama umeme wa maana na taa za kuligeuza eneo liwe la usiku.

Mwenye fedha za vyote viwili aruke hadi mwishoni, kuna neno lake huko.

Msimamo wangu nautanguliza ili usihangaike kuutafuta. Kwa mji wa Mtwara taa zitangulie, na kwa mji wa Lindi vilevile, ingawa kwa sharti. Kwa Msimbati, ufukwe ulio nje ya mji wa Mtwara, na popote ambapo mtu amesafiri ndipo akafika, meza zitangulie. Sababu zake ndizo zinazohitaji nafasi.

Saa mbili za kuuza tiketi

Mtwara iko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta. Kwa mwenye bembea maana yake ni kwamba Januari hadi Desemba jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, na likichelewa sana halifiki saa moja. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku. Katikati ya mji huo ipo Tivoli, bustani ya burudani iliyofunguliwa tarehe 15 Agosti 1843 na inayofanya kazi hadi leo. Watu wale wangeweza kuendesha kiangazi chote kwa mwanga wa bure wa jua, lakini tangu mwanzo Tivoli ilijijengea jina kwa taa zake za rangi, na mpaka sasa wapo wageni wanaosubiri giza ndipo waione. Kama wenye jua la saa nne usiku waliona taa ni mtaji, sisi tunaofungiwa mlango saa kumi na mbili tunangoja nini?

Itazame siku ilivyo hapa kwetu. Kuanzia saa nne asubuhi chuma cha bembea kinaunguza mapaja ya mtoto, na hakuna mama mwenye akili timamu atakayetoka na mwanawe juani saa saba mchana eti kwenda kubembea. Watu huanza kuingia baada ya swala ya alasiri, saa kumi na nusu hivi. Magharibi ikiadhiniwa, giza limeshabisha hodi. Kwa hiyo bustani isiyo na taa inauza tiketi kwa saa moja na nusu, mbili ukipenda kujipa moyo. Mshahara wa mlinzi, kodi ya eneo, marejesho ya mkopo wa treni, vyote vinategemea saa hizo mbili.

Taa zikiwaka mpaka saa nne usiku, muda wa kuuza unakaribia mara tatu. Sisemi mapato yatakuwa mara tatu. Siku za shule watoto hulala mapema, na Jumanne usiku utabembea na mlinzi wako. Faida iko Ijumaa, Jumamosi, likizo za shule, siku za sikukuu, na mwezi wa Ramadhani, ambao una habari yake peke yake. Lakini linganisha na mgahawa: mgahawa hauongezi hata dakika moja ya mwanga. Unachoongeza ni matumizi ya mtu aliyekwisha kuingia. Ukiwa na watu wachache wanaoondoka saa kumi na mbili na robo, mgahawa wako utawahudumia watu wachache wanaotazama saa.

Hesabu ya luku

Wengi huogopa taa kwa sababu ya bili, na hofu hiyo ni ya enzi za taa za zamani. Chukua taa 20 za LED za wati 50 kila moja. Jumla ni wati 1,000, yaani kilowati moja. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku ni saa nne, basi uniti nne. Kwa bei ya shilingi 350 na ushee kwa uniti pamoja na kodi, usiku mmoja haufiki shilingi 1,500. Ukiwasha mwezi mzima bila kupumzika, uniti 120 haziendi zaidi ya shilingi 45,000. Mauzo ya sahani moja ya chipsi mayai yanalipia usiku mzima wa mwanga. Idadi hiyohiyo ya taa za halojeni za wati 500 ingekula uniti 40 kila usiku, zaidi ya shilingi 14,000, na hapo hofu ingekuwa halali.

Fedha nyingi inakwenda kwenye kufunga: nyaya za kupita chini ya ardhi, nguzo, swichi ya kukata umeme unapovuja, waya wa ardhi, na malipo ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Hapa usilete ndugu yako anayejua kuunga waya. Watoto watashika hizo nguzo wakiwa wamelowa.

Halafu kuna chumvi. Nguzo ya chuma iliyopakwa rangi tu, ikisimama karibu na maji, inaanza kuvimba kutu mapema kuliko unavyodhani, na skrubu za taa za bei rahisi hugandana kiasi kwamba siku ya kubadilisha utaivunja taa yenyewe. Lipia mabomba yaliyochovywa zinki, na taa zenye alama ya IP65 au zaidi, maana yake vumbi haliingii wala maji ya kurushwa. Duka likikuambia "hizi ni zilezile tu, hazina alama," mshukuru muuzaji na uende duka la pili.

Kasoro kubwa ya taa katika mikoa hii miwili ni umeme kukatika. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi ziliwashiwa na mitambo yake ya gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na mitambo ilipogoma hakukuwa na jirani wa kukuazima. Ni kichekesho chenye uchungu: gesi hiyohiyo imekuwa ikisafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam tangu 2015, na sisi tunaoishi juu yake tunatafuta mshumaa. Kwa hiyo katika hesabu ya taa ongeza taa chache za sola zenye betri yake zenyewe, ziwekwe getini, chooni, kwenye ngazi na mahali bembea zinaposimamia. Na kila mashine inayozunguka au kupanda iwe na njia ya kuwashusha watoto kwa mkono. Bila hayo usiwapandishe usiku kabisa, hata kama taa zako zinapendeza vipi.

Mgahawa una hoja, tena nzito

Nisionekane nadharau meza. Historia iko upande wake kuliko watu wanavyojua.

Buena Park, California, waliishi mke na mume wakulima wa matunda, Cordelia na Walter Knott. Juni 1934 Cordelia aliwapikia watu wanane kuku wa kukaanga, akawapakulia kwenye vyombo vyake vya harusi, senti 65 kwa mlo. Miaka michache baadaye watu walikuwa wakipanga foleni kwa saa kadhaa kumsubiri kuku yule. Mume akaona wanaosubiri wanahitaji cha kutazama, akaanza mwaka 1940 kujenga mfano wa mji wa kale wa magharibi ya Marekani. Uzio na kiingilio vilikuja mwaka 1968. Ndiyo Knott's Berry Farm ya leo, bustani kubwa yenye mabehewa ya kupinduka angani, na kuku wa bibi yule bado anauzwa. Yaani pale bembea zilizaliwa na jiko.

Ila soma vizuri. Watu walimfuata Cordelia kwa sababu ya mkono wake. Mgahawa uliovutia bustani nzima ulianza na mpishi, jengo likafuata. Kwetu wapishi wa aina hiyo wapo, tena wengi, lakini tayari wana wateja wao, wanakaa nje ya geti lako na kikaango chao, na bei yao huwezi kuifikia ukishalipa wahudumu, friji na sare. Ukimchukua mmoja wao ukamfanya mshirika, hapo tuzungumze. Ukimleta mpishi wa hotelini kuja kushindana na kijana wa pweza, utapoteza.

Fundisho la pili linatoka Ufaransa. Disney walipofungua bustani yao karibu na Paris Aprili 1992, walikuwa wamezoea namna Wamarekani wanavyokula: kidogo kidogo, kutwa nzima, wakitembea. Wageni wa Ulaya wakataka kuketi, tena wote kwa wakati mmoja, saa ya chakula cha mchana. Wafaransa wakataka na divai yao, ambayo ndani ya bustani haikuuzwa mpaka mwaka uliofuata. Migahawa ikazidiwa mchana, ikapwaya saa nyingine. Kampuni yenye uzoefu wa karibu miaka 40 ilikosea jambo ambalo mama yeyote wa Kifaransa angewaambia bure.

Sasa tujiulize ya kwetu. Mlo wa mchana familia hula nyumbani. Aliyetoka jioni na watoto anataka mihogo ya kukaanga, bagia, kachori, mishikaki, pweza na kikombe cha supu yake, juisi ya miwa, ming'oko ikiwa msimu wake. Vyote hivyo huliwa kwa mkono, kwa kusimama au kwenye benchi. Wali wa nazi na changu wa kuchoma, wa kuketi na kunawa, ni wa watu wengine: wachumba, wageni waliokuja kikazi, kikundi cha vikoba, familia inayomfanyia mtoto sherehe ya kuzaliwa. Wapo, na wanalipa vizuri. Swali ni kama wanatosha kuwalipa watu sita jikoni kila mwezi.

Kuna na suala la kasi. Meza 12 za watu watano ni watu 60. Familia ikiagiza samaki, wakasubiri, wakala, wakapiga soga, saa moja imekwisha. Jioni nzima ya saa nne, meza zikijaa bila pengo, jambo ambalo halitokei, umehudumia watu 240. Madirisha manne ya vibanda yakimhudumia mtu mmoja kila dakika yanafikisha idadi hiyo kwa saa moja. Siku ya Idd utaona tofauti hiyo kwa macho, na utaisikia: "Dada, tangu tuagize mtoto kashalala." Bustani kubwa za Marekani zinalimudu tatizo hilo kwa kuweka nafasi mapema, Walt Disney World mtu anaweza kukamata meza siku 60 kabla. Mtwara mtu hajui Ijumaa kama Jumamosi atatoka.

Na msimu. Korosho zikiuzwa, kuanzia Oktoba hivi, mji una fedha na watu wanatoka. Kisha mvua, ambayo huku ni msimu mmoja mrefu mpaka Aprili, na fedha imekwisha kwenye ada na mabati. Mwezi Machi taa unaizima, haidai kitu. Mhudumu anadai mshahara wake, na ana haki. Samaki kwenye friji naye hasubiri msimu. Wanaoingia kwenye mgahawa kwa hesabu ya Novemba ndio wanaofunga Februari.

Anayeamua familia iondoke saa ngapi

Kuna kitu kimoja ambacho mgahawa unakifanya na taa haziwezi. Bibi hapandi bembea. Wala shangazi aliyembeba kichanga. Wamekuja kuwasindikiza wajukuu, na wao ndio wanaosema "haya twendeni" miguu ikichoka. Mtu mzima akipata kiti chenye mgongo, kivuli jioni, kikombe cha chai na mahali anapoyaona macho ya watoto, familia nzima inabaki saa moja zaidi. Nimeliona hili mara nyingi kwenye sherehe za watoto: kelele zinaendelea palepale wazee walipopewa viti.

Lakini angalia kilichowabakiza. Ni kiti, kivuli na kikombe. Jiko kubwa na menyu ya kurasa nne havimo. Ndipo ninapoona njia ya katikati, ambayo kwa maoni yangu ndiyo jibu la miji yetu: meza na viti vya kweli, chini ya paa, bila mgahawa wako. Pembeni yake unajenga vibanda vitano au sita vyenye maji, sinki na umeme, unawakodisha mama lishe na vijana wa vitafunio wanaojua kazi. Mteja anaagiza mihogo huku na mishikaki kule, analetewa alipokaa. Unakusanya kodi, unasimamia usafi, unahakikisha wenye vibanda wamepimwa afya na leseni zao ziko sawa. Hasara ya samaki asiyeuzwa si yako. Ukiona baada ya mwaka kibanda kimoja kinapanga foleni kama ya kule Buena Park, mjengee yule mama mgahawa.

Wapo watakaosema hilo ni soko, si mahali pa hadhi. Ni kweli kwamba mtu wa suti hatafurahi kulia mezani pamoja na watoto wenye mikono ya embe. Kama wateja unaowalenga ni wale, mradi wako ni hoteli yenye bembea, na ushauri huu haukuhusu.

Mwanga na sahani vikikutana

Katika kuvilinganisha viwili hivi watu husahau kwamba vitakaa eneo moja na vitagombana.

Mvua za kwanza zinapoanguka, kumbikumbi hutoka kwa maelfu na kufuata taa. Kama taa yako kali kuliko zote iko juu ya meza, utawapakulia wateja mchuzi wa kumbikumbi. Wapo wanaowapenda, ila waliokaangwa, na kwa hiari yao. Taa nyeupe ya kukoza, ile ya Kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), huvuta wadudu zaidi. Ya njano ya 2700 mpaka 3000 huvuta wachache. Weka kali mbali, kwenye maegesho ya bodaboda na bajaji, iwavute huko. Juu ya meza weka za njano, zenye kofia ya kuelekeza mwanga chini.

Usikubali pia mapambo ya buluu na kijani kwenye eneo la kulia. Disneyland ya California ina mgahawa maarufu uitwao Blue Bayou, uliofunguliwa 1967 ndani ya jengo, ambako mchana kweupe unakaa kwenye usiku wa kutengenezwa na fanusi za rangi, unaangalia mashua zikipita. Inapendeza, na sahani zake zinaruhusu. Sisi tunakula changu. Mtoto wa miaka sita, mwiba wa changu na taa ya buluu ni mambo matatu yasiyotakiwa kukutana.

Upepo nao una sauti hapa. Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, ufukweni mchanga unaingia kwenye sahani. Meza ziwe nyuma ya ukuta au ua upande wa kusini, na kama paa ni la makuti, nyaya za umeme zipite ndani ya bomba, mbali na makuti yenyewe.

Ramadhani ndiyo mwezi unaoonyesha taa na meza zinavyohitajiana. Mchana hakuna mteja. Jua likizama watu wanafungua, wanaswali, wanakula, kisha baada ya tarawehe mji mzima unakuwa macho. Bustani yenye mwanga, meza ndefu za futari ya uji, mihogo, tambi na kaimati, na mahali safi pa kutawadhia na kuswalia, itajaa bila tangazo. Bustani yenye mgahawa mzuri bila taa za nje haiwezi kuuza tiketi hata moja mwezi huo. Na yenye taa bila chakula itauza bembea kwa watu watakaokwenda kula kwingine. Ukiniuliza mtihani wa mradi wowote wa burudani pwani hii ni upi, nitakuambia uuone mwezi wa Ramadhani.

Taa mbaya ni hasara kuliko giza

Anayechagua taa asidhani wingi ndio ubora. Coney Island, New York, mwaka 1904 ilifunguliwa bustani iitwayo Dreamland, iliyojisifu kuwa na balbu milioni moja. Usiku wa kuamkia siku ya kufungua msimu, 27 Mei 1911, mafundi walikuwa wakirekebisha mashine moja ya maji, taa zikapata hitilafu na kuzimika, na katika giza hilo ndoo ya lami ya moto ikamwagika. Bustani nzima iliteketea na haikujengwa tena. Balbu milioni moja hazikumsaidia fundi aliyehitaji taa moja ya kuaminika mkononi.

Kosa la kawaida kwetu ni nguzo moja ndefu yenye mataa makali manne, mtindo wa uwanja wa mpira. Inamulika machoni unapoingia, na nyuma ya kila kibanda inatupa kivuli cheusi ambamo huoni aliyesimama. Binti akienda chooni anavuka kivuli hicho. Kwa fedha ileile weka taa ndogo nyingi kwenye nguzo fupi, zifuate njia, zifike chooni, zifike getini mpaka pale bajaji zinapogeuzia. Mwendesha bembea aone mkanda wa kila mtoto bila kutumia tochi ya simu. Mapambo yaje baadaye.

Eneo kwa eneo

Mtwara mjini, Shangani na mitaa ya karibu: wateja wako ni wenyeji, nyumbani ni bajaji moja, chakula wanacho na wauza vitafunio wamejaa. Wanachokosa ni mahali pa usiku pa kumpeleka mtoto penye mwanga na usalama. Taa kwanza, meza za pamoja na vibanda mara baada yake, mgahawa wa kuagiza usubiri.

Lindi mjini ni karibu hivyo, kwa sharti moja. Kabla ya kulipia taa za mpaka saa nne usiku, simama ufukweni jioni mbili tatu uangalie watu wanatoka wapi. Wanaotoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba, wanategemea chombo cha kuvukia na hawatabaki mpaka usiku. Kama ndio wengi, taa za mpaka saa mbili zinatosha na kivuli cha mchana kina thamani zaidi. Kama wateja ni wa mjini, fuata ya Mtwara.

Msimbati ni mambo mengine kabisa. Mtu amekuja kwa gari kutoka mjini, amefika asubuhi na familia, ataogelea, saa saba atakuwa na njaa na hana jiko la karibu. Huyo anataka kuketi, anawe, ale samaki aliyevuliwa leo, alipe bila kubishana sana. Saa kumi na moja anaanza safari ya kurudi kabla giza halijamkuta njiani. Taa za usiku utamuwashia nani? Tena eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga kwenye fukwe zake. Vifaranga vya kasa vikitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Ukiwasha mataa makali ufukweni vinakufuata wewe, vinafia kwenye maegesho. Kwa hiyo Msimbati weka mgahawa, na taa ziwe chache, fupi, nyekundu au za njano iliyokolea, zimefunikwa upande wa bahari. Agiza chakula kwa simu asubuhi kiwe utaratibu: mteja akiwa bado mjini anasema watu saba, samaki wanne, na jikoni hakimwagwi kitu.

Kwa mwenye fedha za vyote

Usijenge kwa awamu zinazochimbana. Chora kwanza jiko litakaa wapi hata kama utalijenga baada ya miaka mitatu. Mtaro wa nyaya za taa ukichimbwa, laza humohumo bomba tupu la pili la kupitishia nyaya za jikoni, waya wake uwe mnene wa kubeba friji na majiko. Bomba la maji safi na la maji machafu yachimbiwe mtaro wao pembeni, mbali na umeme, wiki hiyohiyo, kabla hujamwaga zege wala kupanda nyasi. Weka mita mbili za luku tangu mwanzo, moja ya bustani na moja ya eneo la chakula, ili siku utakapompangisha mpishi msianze kugombana nani kamaliza uniti.